Kadi Mbili Kasha Moja: Kulitoa Joto la Kompyuta kwa Hewa ya Tanga

Ukiweka kadi mbili za grafiki ndani ya kasha moja, ya juu ndiyo italalamika kwanza. Feni zake zitavuma kama pangaboi lililolegea, joto litapanda hadi nyuzi 83, kisha itaanza kujipunguzia kasi kimyakimya, na kazi ya saa mbili itakwenda saa tatu. Ya chini, ndugu yake wa toleo lile lile, imekaa kwenye nyuzi 70 haina habari. Wengi wakiona hivyo husema kadi ya juu ni mbovu, wakairudisha dukani. Kabla ya kufika huko, zibadilishe nafasi: ya juu ishuke, ya chini ipande. Mara nyingi utakuta ugonjwa umebaki palepale juu, haukushuka na kadi.

Mwambao nao una lake. Vipimo vingi vya kadi vinavyosambaa kwenye intaneti vimefanywa katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Ngamiani au Chumbageni, hapa Tanga mjini, mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, mchana kinafika 31 au 32 na madirisha yote wazi. Zile nyuzi 10 za tofauti haziendi kokote. Zinapanda juu ya kila namba. Kadi iliyosomeka 73 kwa mpimaji wa Ulaya, hapa kwetu ni 83, yaani pale pale inapoanza kujibana. Kwa hiyo mpangilio wa feni unaotosha kwingine, huku ndiyo kwanza unaanza kuwa nusu ya kazi.

Tanga tunaiita waja leo waondoka leo. Hewa ya ndani ya kasha inapaswa kuishi hivyo hivyo: ije, ibebe joto, iondoke saa hiyo hiyo. Shida ya kadi mbili ni hewa iliyokuja ikafanya makazi, ikazunguka kutoka kadi hii kwenda ile, kila mzunguko moto zaidi. Ukiongeza feni bila kuifungulia njia, utapata kelele tu.

Mfano nitakaoutumia ni RTX 3090 mbili, maana ndizo zinazotafutwa sana mtumba na wanaorenda video na michoro ya nyumba, na wanaoendesha modeli za akili mnemba nyumbani. Kila moja ina GB 24 za kumbukumbu na inakula wati 350. Mwenye RTX 3060 mbili, za wati 170 kila moja, ana nusu ya mzigo huu, lakini njia ni hiyo hiyo.

Pengo la milimita 20

Tuangalie kwa karibu mahali penyewe panapoumia. Sloti za madabodi, yaani nafasi za kuchomekea kadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta, zimepishana milimita 20.3. Kwenye madabodi nyingi zenye sloti mbili ndefu, kati ya ya kwanza na ya pili kuna hatua tatu, yaani milimita 61. Kadi ya unene wa sloti mbili inakula kama 40. Kinachobaki kati ya uso wa feni za kadi ya juu na mgongo wa kadi ya chini ni milimita 20, upana wa kidole gumba.

Sasa piga hesabu ya mdomo. Kadi ya urefu wa milimita 300 ina uwazi wa 300 kwa 20 upande wa kioo cha ubavuni, yaani sentimita za mraba 60. Upande wa pili umezibwa na madabodi. Feni tatu za kadi, za kipenyo cha milimita 80 hivi kila moja, ukitoa kitovu cha katikati, zina eneo la kuvutia hewa la sentimita za mraba kama 115. Feni zinataka kunywa kwa mdomo wa 115 na wewe umezipa mrija wa 60, na hewa yenyewe inapita juu ya bati la mgongo wa kadi ya chini lenye moto wa kuchoma ukucha. Ndipo kadi ya juu inapozidi ya chini kwa nyuzi 10 hadi 15.

Hatua moja zaidi ya sloti, pengo likawa milimita 41, uwazi unafika sentimita za mraba 120. Hapo mdomo na koo vimelingana. Ndiyo maana ukiwa bado hujanunua madabodi, usiangalie chochote kabla ya kuhesabu hatua kati ya sloti mbili ndefu. Zikiwa nne, umeshinda nusu ya vita. Zikiwa tatu na kadi zako ni nene za sloti mbili na nusu au tatu, pengo ni milimita 10 au halipo kabisa, na hakuna feni ya kasha itakayokuokoa. Angalia pia kasha: kadi ya pili ikikaa kwenye sloti ya mwisho ya madabodi, unene wake unashuka chini ya ubao, na kasha la nafasi saba halitaipokea. Linatakiwa la nafasi nane.

Kadi zikiwa za unene tofauti, nyembamba ipande juu. Watu hufanya kinyume, ile kubwa ya fahari wanaiweka juu ionekane, na unene wake wote unashuka kulila pengo.

Pima kwanza

Kabla ya kushika bisibisi, andika namba. Utahitaji kipimajoto cha chumba, hata cha bei ndogo, na programu ya kusoma sensa. HWiNFO inafaa kwa sababu inaonyesha vitu vitatu kwa kila 3090: joto la kiini (chipu kuu ya kadi), joto la sehemu iliyo moto kuliko zote ndani ya kiini, na joto la kumbukumbu. Funga kasha kama unavyolitumia siku zote. Endesha kazi yako halisi, kwa mfano kurenda kwenye programu ya Blender, kwa dakika 30. Dakika 5 hazitoshi. Hewa ya kasha na mabati yake huchukua dakika 15 hadi 20 kufika mahali pa kutulia. Kisha andika joto la chumba, joto la kila kadi, asilimia ya feni zake, na kasi ya kiini kwa megahezi.

Namba inayofaa kulinganishwa ni joto la kadi ukitoa joto la chumba. Ukipima saa moja asubuhi chumba kikiwa nyuzi 27, ukabadilisha feni, ukapima tena saa tisa alasiri kikiwa 32, utaapa umeharibu wakati pengine umetengeneza. Badilisha kitu kimoja, pima. Badilisha kingine, pima.

Jaribio la kwanza halina gharama: vua ubavu wa kasha, rudia dakika 30. Kadi ya juu ikishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha lako halipumui, na tiba iko kwenye feni na njia za hewa. Isiposhuka, au ikashuka nyuzi 1 au 2 tu, kasha halina kosa. Tatizo liko kwenye pengo la kadi, au ndani ya kadi yenyewe: vumbi kwenye mapezi ya kupozea, pesti ya kupitishia joto iliyokauka. Jaribio hili linaokoa fedha nyingi, maana linakuambia ununue nini.

Kuna wanaoliacha kasha wazi moja kwa moja. Kwa Tanga siwashauri. Chumvi ya baharini na vumbi vitatua juu ya madabodi bila kizuizi, na mjusi ataingia kuotea moto. Mjusi akilala juu ya miguu ya kadi yenye umeme, wanaharibika wote wawili.

Hewa kiasi gani

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila mtu aiweke kichwani. Chukua wati zote za mashine, zidisha kwa 3.1, gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande ikipita ndani ya kasha. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Kadi mbili wati 700, prosesa na vingine wati 200, jumla 900. Ukikubali hewa ipande nyuzi 10: 900 mara 3.1 gawanya kwa 10 ni 279.

Boksi la feni ya milimita 120 huandikwa mita za ujazo 90 hadi 100 kwa saa, ukadhani feni tatu zimemaliza. Ile namba imepimwa feni ikiwa haina kitu mbele wala nyuma. Ikiwa nyuma ya wavu na chujio, hesabu nusu yake, 50. Feni tatu za mbele ni 150, mbili za chini 100, jumla 250, na hewa itapanda nyuzi 11. Chumba cha 32, hewa inayotoka 43. Inakubalika.

Sasa chukua kasha lile linalopendwa kwa urembo, lenye kioo mbele na upenyo wa kidole pembeni, na feni mbili nyuma ya kioo. Kila feni ikipata 25, jumla 50. Rudia hesabu: 900 mara 3.1 gawanya kwa 50, unapata nyuzi 56 juu ya joto la chumba. Kadi zitajibana kasi muda mrefu kabla ya kufika huko. Kasha la kioo mbele na kadi mbili za wati 350 havikai nyumba moja. Kama tayari unalo, uvue uso wa mbele na uweke wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 2 hadi 3. Fundi vyuma atakukatia kwa kipimo, na ukingo ukiufunga kwa mpira hautatetemeka.

Feni ziende wapi

Mbele, tatu za milimita 120 au mbili za 140, ziingize. Chini ya kadi, kama kasha lina nafasi, mbili za 120 ziingize. Hizi ndizo zenye thamani kuliko zote, maana zinapeleka hewa mbichi moja kwa moja kwenye kinywa cha kadi ya chini. Nyuma, moja ya 120 itoe. Juu, upande wa nyuma, moja itoe. Basi.

Nafasi ya juu upande wa mbele iache wazi au izibe. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Feni ya kutoa ikikaa pale inainyakua hewa mbichi iliyoingia kwa feni ya mbele kabla haijafika kwenye kadi, inaitupa nje ingali baridi. Ukiigusa kwa mkono utahisi ubaridi na kudhani inafanya kazi nzuri, kumbe ni wizi. Na kama prosesa inapozwa kwa maji, rejeta yake (kipozeo cha maji hayo) ikae juu, isikae mbele, vinginevyo kadi zitakunywa hewa iliyokwisha kuchemshwa.

Uelekeo wa feni usiukisie. Upande ulio wazi, unaoonyesha panga zote, ndio unaovuta. Upande wenye miguu inayoshika mota ndio unaosukuma. Feni nyingi zina mishale miwili midogo pembeni ya fremu, mmoja wa hewa na mmoja wa mzunguko.

Kiasi kinachoingia kizidi kidogo kinachotoka. Kikizidi, hewa ya ziada inatafuta mlango kupitia kila upenyo, na vumbi halipati pa kuingilia isipokuwa kwenye chujio. Kikipungua, kasha linakuwa kama mtu anayevuta pumzi kwa nguvu: linafyonza vumbi kupitia kila tundu lisilo na chujio, na kibaya zaidi linafyonza ile hewa ya moto iliyotoka nyuma ya kadi.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, washa kijiti cha udi. Mashine ikiwa kwenye kazi, feni za chumba zimezimwa, kishike sentimita 5 kutoka mbele ya kasha: moshi unapaswa kulala na kuingia ndani. Kipeleke nyuma, pembeni ya mabati ya sloti. Moshi ukisukumwa mbali, uko sawa. Ukinyooka ndani ya matundu, kasha linavuta kwa mgongo, na unachotakiwa kufanya ni kupunguza kasi ya feni za kutoa au kuongeza ya kuingiza. Kipitishe pia kwenye kila kona ya kasha. Dakika 5 za udi zinafundisha kuliko saa nzima ya mabishano. Moshi usiuache uingie kwa muda mrefu, una mafuta yanayoshika vumbi.

Yale mabati membamba yanayoziba sloti zisizotumika, yaliyo kati ya kadi na chini yake, yatoe. Kadi za kawaida hutema sehemu kubwa ya joto ndani ya kasha, na matundu yale yakiwa wazi, hewa inayosukumwa na feni za mbele inapita kwenye pengo na kutokea nyuma bila kona. Yazibe kwa kipande cha chandarua kwa ajili ya mende na mijusi. Chandarua hakizuii vumbi laini, usikitegemee kwa hilo.

Nyaya nazo zina hewa yake. 3090 nyingi zinataka nyaya mbili au tatu za pini 8, kwa hiyo mbili zitaleta nne hadi sita, nene. Zikining'inia kati ya feni za mbele na kadi ni kama pazia. Zipitishe nyuma ya ubao, zitokee karibu na kadi. Wakati huo huo hakikisha kila tundu la pini 8 lina waya wake kutoka pawa saplai. Waya mmoja wenye vichwa viwili ukibebeshwa wati 300 kwa masaa unaweza kupata moto, na plagi ikaanza kubadilika rangi. Pawa saplai yenyewe kwa 3090 mbili isipungue wati 1,200, kwa sababu kadi hizi huruka ghafla, kufumba na kufumbua, juu ya wati 350 zake.

Feni zinamsikiliza nani

Hapa kuna kosa ambalo halionekani kwa macho. Feni za kasha zimechomekwa kwenye madabodi, na madabodi, ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani, huongeza kasi yake ikifuata joto la prosesa. Unapoendesha kazi ya kadi, prosesa imekaa nyuzi 50 haina shughuli, feni za kasha zinazunguka polepole kwa asilimia 40, na kadi mbili zinaungua. Mtu ana feni saba nzuri na anazitumia chini ya nusu.

Kwenye Windows, programu ya FanControl inasoma joto la kadi na kuziamuru feni za kasha. Tengeneza mstari unaochukua joto kubwa kati ya kadi mbili: chini ya nyuzi 50 feni asilimia 40, nyuzi 60 asilimia 60, nyuzi 70 asilimia 80, nyuzi 78 asilimia 100. Weka na kuchelewa kwa nyuzi 3, feni zisipande na kushuka kila sekunde kama mtu mwenye kwikwi. Asiyetaka programu aingie kwenye Bayosi (mipangilio ya madabodi yenyewe, kabla Windows haijawaka) aziweke feni za kuingiza kwenye asilimia 70 zisizobadilika. Kuna kelele kidogo, lakini hakuna cha kuharibika.

Tundu moja la feni kwenye madabodi kwa kawaida linabeba ampea 1. Soma kibandiko cha feni: nyingi za 120 zinakula ampea 0.1 hadi 0.25, kwa hiyo tatu kwenye waya mmoja wa kugawanya ni salama. Tano za ampea 0.3 si salama.

Pengo likigoma

Umefanya yote na kadi ya juu bado inaizidi ya chini kwa nyuzi 12. Njia zilizobaki ninazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza, feni ya 120 ikae ubavuni, upande wa mbele wa kadi, ikitazama pengo lenyewe na kupuliza ndani yake. Ifunge kwa kamba za plastiki za nyaya kwenye fremu ya kasha, iwe sentimita 3 hadi 5 kutoka mwisho wa kadi. Inaonekana kazi ya kienyeji, na inafanya kazi.

Ya pili, waya wa risa, yaani waya wa kuunganisha sloti na kadi iliyokaa mbali nayo. Kadi moja inahamishwa kwenye nafasi ya wima au mbele ya kasha, na pengo linaacha kuwepo. Ila nunua risa ya kizazi cha 4 cha PCIe (njia ya mawasiliano ya sloti) iliyoandikwa hivyo. Ya zamani ya kizazi cha 3 itaifanya skrini ikatike au kadi isionekane kabisa. Ukiwa nayo tayari, ingia Bayosi uilazimishe sloti ifanye kazi kwa kizazi cha 3. Kwa kurenda hutaona tofauti. Na kadi ya wima isibanwe kwenye kioo: chini ya sentimita 4 umehamisha tatizo tu.

Ya tatu, kadi ya juu iwe ya blowa, ile yenye feni moja ya ngoma inayotema hewa yote nje kupitia bati la nyuma. Inaridhika na pengo dogo na haimwagi joto ndani. Kelele yake ni kubwa. Katika chumba cha kurekodi sauti haifai.

Wapo wanaovua plastiki na feni za kadi na kufunga feni mbili za 120 juu ya mapezi. Kadi inapoa kweli, lakini feni hizo zina unene wa milimita 25 na pengo lako lilikuwa 20. Ifanye kwa kadi ya chini tu, na ujue dhamana imekwenda.

Punguza wati

Hii ningeiweka mwanzoni kabisa, nimeichelewesha kwa sababu mtu akiisikia mapema anaacha kurekebisha kasha. 3090 kwenye wati 350 inasukumwa zaidi ya pale inapofanya kazi kwa uchumi. Ukiishusha hadi 280, kazi inapungua kwa asilimia chache, na umeondoa wati 70 za joto kwa kila kadi, 140 kwa zote. Hakuna feni ya bei yoyote inayokupa hivyo.

Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika `nvidia-smi -q -d POWER` uone kiwango cha chini na cha juu kinachoruhusiwa. Kisha `nvidia-smi -i 0 -pl 260` kwa kadi ya juu na `nvidia-smi -i 1 -pl 290` kwa ya chini. Kuzipa sawa si lazima. Aliyekaa mahali pabaya abebe mzigo mdogo. Hakikisha ni ipi 0 na ipi 1 kwa kuipa moja kazi na kuangalia feni za ipi zinaamka. Amri hii inafutika mashine ikizimwa, kwa hiyo ipange ijiendeshe kila inapowaka. Umeme ukikatika usiku na mashine ikawaka upya bila amri hii, asubuhi utakuta kadi ziko kwenye 350 na hukujua.

Kwa upande wa LUKU, wati 140 kwa saa 8 kwa siku ni uniti 1.1 kila siku.

Joto la kumbukumbu liangalie peke yake. RTX 3090 ina chipu 24 za kumbukumbu, 12 kati yake zimebandikwa mgongoni, chini ya bati. Zikifika nyuzi 110 kadi inapunguza kasi hata kama kiini kinasoma 65, na mtu anabaki anashangaa. Kwa kadi ya juu, ambayo mgongo wake unatazama prosesa na una nafasi, bandika hitsinki ndogo za alumini (vipande vyenye mapezi ya kupozea) kwenye bati na uelekeze feni ya 80 au 92 juu yake. Ukiamua kubadilisha pedi za joto za ndani, pima unene wa zile za zamani kwa kalipa mahali ambapo hazijabanwa. Kila muundo una zake, milimita 1, 1.5, 2, na hata ndani ya kadi moja zinatofautiana. Ukiweka nene kuliko inavyotakiwa, hitsinki inanyanyuka na haigusi kiini vizuri. Dalili yake: kiini kinasoma 70 na sehemu yake ya moto zaidi 95. Tofauti ikivuka nyuzi 20, fungua tena.

Vumbi, chumvi na unyevu

Vumbi kavu ni blanketi tu. Vumbi la mwambao limechanganyika na chumvi, na chumvi hunywa maji kutoka hewani, hivyo inakuwa tope jembamba linaloshika kwenye mapezi na kula miguu ya shaba. Machujio yaoshwe kila wiki mbili, yakaushwe kivulini hadi yakauke kabisa. Kasha lisikae sakafuni wala juu ya mkeka. Liinue sentimita 10 juu ya kigoda cha mbao, vumbi linalotembea chini lipungue na pawa saplai ipate kuvuta.

Kwa kusafisha ndani tumia brashi kavu laini na kipulizio cha umeme, ukizishika panga za feni kwa kidole zisizunguke, maana zikizungushwa kwa upepo mkali beringi huumia. Usiipeleke kwa fundi pancha. Tangi la kompresa yake limejaa maji, kwa unyevu wetu huu haliwezi kukosa, na upepo unatoka na matone na mafuta. Meno ya kadi yanayoingia kwenye sloti yafute kwa alkoholi ya asilimia 90 na kuendelea mara moja kwa mwaka, kusi ikishaingia na hewa imepoa.

Kisha chumba. Mashine ya wati 900 ni pasi iliyosahauliwa ikiwaka. Pangaboi halishushi joto la hewa, linakupoza wewe mwenye jasho; kazi yake hapa ni kuizuia hewa ya moto isilale nyuma ya kasha. Acha sentimita 20 kutoka ukutani, na mgongo wa kasha uelekee dirishani au mlangoni. Ukiwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, uwezo wake ni wati 2,600 hivi, na mashine peke yake imechukua theluthi.

Kiyoyozi kina hatari moja ambayo bara hawaijui sana. Hewa ya nje ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70 hutoa maji inapogusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Ukipoza chumba hadi 22, ukazima mashine, ukazima kiyoyozi na kufungua madirisha, mabati ya kasha na hitsinki za kadi bado yana nyuzi 22 na yatatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Mashine ikiwa inawaka hakuna neno, kadi zina joto lake. Ikiwa imezimwa, acha madirisha yafungwe mpaka chumba kipande chenyewe taratibu, au ukishayafungua subiri saa nzima, ufungue ubavu, upapase bati la mgongo wa kadi kwa kidole, na uwashe tu ukikuta ni kavu.